Wanafunzi 42, chumba kimoja: ziara ya makumbusho madogo ya sanaa ya dini chuoni

Mwalimu_Tudor

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Napanga kuwapeleka wanafunzi wa CRE na IRE (masomo ya dini ya Kikristo na ya Kiislamu) kwenye makumbusho madogo ya sanaa ya dini yaliyo ndani ya kampasi ya chuo kikuu kimoja hapa Mombasa. Ni wanafunzi 42 wa kidato cha tatu na walimu watatu. Chumba ni kimoja tu, mita 6 kwa 9, makabati ya vioo ukutani na meza mbili za vioo katikati. Kuna misahafu miwili ya Siyu (mji wa kisiwa cha Pate) iliyoandikwa kwa mkono, picha takatifu za Ethiopia zilizochorwa juu ya mbao, kalisi (kikombe cha divai ya misa) na chetezo cha kanisani, vinyago vya mpingo vyenye visa vya Biblia, taa za shaba za Kihindu na sanamu ndogo ya Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo. Tumepewa saa moja na nusu, Jumatano, saa tatu asubuhi.

Nauliza: waingie wote kwa mpigo au niwagawe? Tuanze na kitu gani? Simu je? Na kubwa zaidi, wazazi wawili Waislamu wameniuliza kama mtoto wao ana ruhusa kusimama mbele ya sanamu, na mzazi mmoja wa Kipentekoste kauliza hilohilo kuhusu Ganesha. Sitaki kujibu kwa kubahatisha.

---

Mlinzi_wa_Makabati

Mwalimu, usiwaingize wote. Mita 6 kwa 9 ni mita za mraba 54, lakini makabati na meza hula karibu theluthi, kwa hivyo pa kukanyaga ni kama 36. Mtu anayetazama kitu husogea, hurudi nyuma hatua, hupishana na mwenziwe. Mpe mita mbili na ushee. Unapata watu 15. Yaani wanafunzi 14 na mwalimu mmoja, na mtunzaji wa makumbusho ajibane mlangoni.

Sababu ya pili ni hewa. Mtu mmoja hutoa kama gramu 50 hadi 100 za mvuke kwa saa, kwa pumzi na jasho. Watu 45 ndani ya chumba kilichofungwa ni lita mbili hadi nne na nusu za maji hewani kwa saa moja. Mombasa yenyewe asubuhi nyingi iko juu ya asilimia 75 ya unyevu kabla hujamwingiza mtu. Karatasi, ngozi ya majalada na mbao zenye rangi zataka unyevu usipite 65 hivi, kwani ukivuka hapo kwa muda ukungu huanza kuota. Kiyoyozi kimoja cha ukutani hakiwezi vita hiyo. Mtunzaji akikukatalia kundi kubwa, usidhani ana roho mbaya.

Basi wagawe mara tatu, 14 kwa 14, na wazunguke:

Kundi A chumbani, kundi B barazani wakichora kitu kimoja kutoka kwenye picha iliyochapwa, kundi C wakitembezwa nje kuangalia majengo ya kampasi (kama kuna msikiti au kanisa la chuo, waangalie umejengwaje, mihrabu au altare imeelekea wapi, mwanga waingilia wapi). Dakika 25 kila kituo, dakika 5 za kubadilishana. Hizo ni dakika 85. Tano zilizobaki ni za kuwapa masharti mwanzoni, nje ya mlango, kabla hawajaona chochote. Ukitoa masharti ndani, hakuna anayesikiliza, macho yote yako kwenye vioo.

Kuna makumbusho ambapo jengo lenyewe hukufanyia kazi hii. Kule Saint Louis University, Marekani, kanisa dogo la Wajesuiti liligeuzwa mwaka 1993 kuwa makumbusho ya sanaa ya dini ya kisasa, na vijikanisa vya pembeni vikawa vyumba vidogo vya maonyesho. Mgeni hulazimika kutazama kipande baada ya kipande. Chumba chako ni sanduku moja, kwa hivyo ratiba ndiyo kuta zako.

Mengine ya mlangoni:

Mikoba ya mgongoni ibaki nje. Mtoto akigeuka, mkoba hugeuka naye na kioo cha meza ndicho kinachopokea. Chupa za maji zibaki kwenye meza ya nje. Wanywe kabla ya kuingia. Kalamu za wino hapana, penseli tu. Peremende na bazoka zitupwe, maana sukari huita sisimizi, na sisimizi akishaijua njia ya kabati hafukuziki kwa urahisi. Wanaovaa buibui na kanzu ndefu waelezwe kuhusu vitako vya chini vinavyoshikilia vinyago, upindo hunasa pale.

Chumba kitaonekana kiza. Mwanga unaoangukia karatasi na vitambaa haupaswi kuzidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), na watoto wanatoka juani kwenye lux 100,000. Wasimamishe dakika mbili tatu barazani kivulini, kisha waingie polepole. Usipofanya hivyo, dakika kumi za kwanza utasikia "hatuoni, mwalimu", na mmoja atawasha tochi ya simu.

Simu nimeshaijibu hapo. Zibaki ndani ya basi. Simu ya mwalimu mmoja yatosha kupiga picha za vitu, bila mwako, tena ukiwa umeomba ruhusa. Ikikupasa kupiga picha za watoto wenyewe na kuzitia mtandaoni, sheria ya kulinda data ya 2019 yataka idhini ya mzazi, kwa hivyo weka mstari wake kwenye barua ya ziara.

---

Ustadh_Bondeni

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nijibu la wazazi kwa sababu ndilo linaloua ziara nyingi, hata kabla basi halijawashwa.

Waislamu kwanza. Anayeingia mahali pa maonyesho akatazama kitu cha dini nyingine kwa nia ya kusoma hajashiriki ibada. Wazazi wengi wakiambiwa hivyo waziwazi huridhika. Kinachowatia wasiwasi ni vitendo: mtoto asiambiwe ainame, asiambiwe aunganishe mikono, asiwashe mshumaa wala udi mbele ya sanamu, asiimbishwe. Andika hayo kwenye barua, kwa maneno hayohayo, mambo manne. Barua isemayo tu "ziara ya kielimu" huzaa simu ishirini usiku. Na mzazi akikataa hata baada ya hapo, mkubalie bila kumbembeleza. Mtoto akae kituo cha majengo na cha kuchora, atajifunza vilevile.

Mzazi wa Kipentekoste mpe barua ileile. Usimwandikie yake peke yake. Wazazi huonyeshana barua, na mbili tofauti zitazua maneno.

Sasa misahafu. Wengi wa wanazuoni wanakataza kuugusa msahafu bila udhu. Kuutazama hakuna tatizo, hata kwa asiye na udhu na hata kwa msichana aliye katika siku zake. Ukiwa ndani ya kioo, mjadala umekwisha. Shida huja mtunzaji anapotaka kuutoa ili awaonyeshe kurasa. Hapo mwombe mambo haya: anayefungua awe na udhu, msahafu uwekwe juu ya marufaa (kibao cha kuwekea msahafu) au mto mgumu uliotandikwa kitambaa safi, meza iwe juu ya kiuno, na mwanafunzi yeyote asiguse, Mwislamu na asiye Mwislamu. Usiwekwe juu ya kiti cha kukalia watu, wala chini sakafuni hata kwa sekunde. Glavu za pamba si lazima, na kwa karatasi kuukuu zina hatari yake kwa sababu vidole hupoteza hisia na ukurasa hupasuka. Mikono iliyooshwa ikakaushwa yatosha.

Jambo jingine: watoto wa dini zote wachanganywe katika kila kundi la 14. Ukiwapanga kidini, kundi la Waislamu litapita mbele ya kalisi mbio na kundi la Wakristo litapita mbele ya msahafu mbio, na hakuna aliyeuliza swali.

Na mwanafunzi wa Kihindu akisimama mbele ya Ganesha akakunja mikono, au Mkatoliki akafanya ishara ya msalaba mbele ya picha takatifu, mwacheni. Hiyo ni adabu yake na kitu chake. Waambie wenziwe mapema, nje, ili asichekwe.

---

FundiMpingo

Nimesoma ya juu, yote sawa, ila nina neno moja la kupinga: usichapishe ile karatasi ya maswali 20 ambayo walimu huipenda. Kwa dakika 25 mtoto atanakili vibandiko vya maelezo na hatainua macho. Chagua vitu vinne tu. Dakika 5 kila kitu, na 5 za mwisho aende anapotaka. Kila kitu kiulizwe maswali yaleyale matatu: kimetengenezwa kwa kitu gani, kilishikwa wapi, kimelika wapi. Hilo la tatu ndilo huwafungua midomo.

Kwa orodha yako, ningechukua hivi.

Msahafu wa Siyu. Misahafu hii ya kisiwa cha Pate, ya karne ya 18 na 19, hupambwa kwa wino mweusi, mwekundu na rangi ya njano, na karatasi yake nyingi ililetwa kutoka Italia. Mwambie mtunzaji aimulike kwa nyuma karatasi iliyo huru kama anayo. Mara nyingi alama ya hilali tatu hujitokeza ndani ya karatasi. Kisha waonyeshe neno dogo lililoandikwa pembeni chini ya ukurasa. Neno hilo hurudiwa kuanza ukurasa unaofuata. Kurasa hazikuwa na nambari, na hivyo ndivyo fundi wa kujalidi alivyojua mpangilio. Watoto hulipenda sana hili, hata wasiosoma Kiarabu wanaweza kulinganisha umbo la neno na kuligundua wenyewe. Waangalie pia pembe za chini za kurasa: zimekolea uchafu wa vidole, na kurasa za mwanzo hukolea kuliko za katikati.

Picha takatifu ya Ethiopia. Ubao hupakwa kwanza tabaka jeupe la chokaa laini na gundi, ndipo rangi huja juu. Ibada ya Bikira Maria kwa picha za mbao ilisukumwa sana na mfalme Zara Yaqob, aliyetawala 1434 hadi 1468, na tangu hapo utamkuta Maria na Mwana ubao mmoja, na mara nyingi Mtakatifu Giorgis (George) juu ya farasi mweupe ubao wa pili. Wape watoto kazi ya macho: wahesabu ni sura ngapi zinaonyesha macho yote mawili na ngapi zinaonyesha jicho moja. Katika michoro mingi ya Kihabeshi, watu wema hukutazama uso mzima na waovu huchorwa ubavu. Wakishalijua hilo, wataanza kumtafuta mwovu kila mahali.

Kitu kinachoharibika katika picha hizi ni lile tabaka jeupe. Mbao huvimba unyevu ukipanda na kunywea ukishuka, lile tabaka halivimbi, basi rangi huinuka kama magamba. Ukiona magamba, watoto warudi nyuma hatua mbili na asipige mtu chafya hapo. Mwambie mtunzaji.

Kalisi. Ichukueni pamoja na chetezo. Kikombe cha fedha hupakwa dhahabu ndani, hata pale nje palipoachwa fedha tupu. Kwenye mguu tafuteni msalaba mdogo uliochongwa: huonyesha upande ambao padri hunywea. Chini ya mguu huenda pana mihuri midogo ya fundi wa fedha. Hiyo ataionyesha mtunzaji kwa kioo cha kukuzia, wenyewe msigeuze. Jasho lina chumvi, na chumvi juu ya fedha au shaba huacha alama ya kidole inayobaki miezi. Kwa metali glavu za mpira mwembamba ndizo zinazofaa. Chetezo cha kanisa kina minyororo kwa sababu padri hukibembeza na upepo huingia kwenye makaa. Chetezo cha udongo cha nyumbani kwetu kinakaa tuli na kina matundu ubavuni kwa kazi hiyohiyo. Kama kuna mtu anaweza kuleta cha nyumbani akakiweka barazani, kituo cha kuchora kimepata kazi ya maana.

Kinyago cha mpingo. Mpingo halisi ni mzito, huzama majini, na ukichongwa huacha ukingo wa rangi ya maziwa ya chai pale penye mti mchanga. Mchongaji mzuri huutumia ukingo huo, anaufanya shuka au mwanga. Ukiona kinyago cheusi ti kila mahali bila ukingo wowote, huenda ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Makumbusho madogo hupokea zawadi nyingi, na si kila zawadi iliwahi kukaguliwa. Usiseme hivyo mbele ya aliyeitoa. Ukiona unga laini chini ya kinyago, hao huenda ni dumuzi walio hai. Mwite mtunzaji hapohapo, maana hawatabaki kwenye kinyago hicho kimoja.

Taa za shaba na Ganesha waachie zile dakika tano za mwisho, si kwa kuzidharau. Zinahitaji mtu anayezijua. Kama kuna mzazi wa Kihindu anayeweza kuja, apewe dakika hizo. Atakueleza pia kwamba sanamu ya hekaluni huwekwa kwa ibada maalumu ya kuifanya makao ya uungu, na ya maonyesho aghalabu haijapitia hilo. Jibu hilo litamsaidia hata yule mzazi wako wa Kipentekoste.

---

Mwalimu_Tudor

Shukran sana, wakubwa. Barua nimeanza kuiandika upya kwa yale mambo manne ya Ustadh. FundiMpingo, karatasi yangu ilikuwa na maswali 24, sasa ni matatu.

Bado mambo mawili. Tunatoka Tudor na basi la viti 51. Kuna la kuangalia getini? Na tukimaliza saa nne na nusu, tunaweza kuunganisha na mahali pengine pa karibu kabla ya chakula?

---

Mama_Ziara

Mwalimu, getini ndipo ziara nyingi za vyuoni zinapokwama. Mlinzi wa chuo hamjui mtunzaji na hajali makumbusho. Anataka barua ya mwaliko yenye mhuri wa chuo, nambari ya basi, jina la dereva, na orodha ya watu. Chapisha nakala tatu: moja ibaki getini, moja kwa mtunzaji, moja kwako ya kuhesabia watoto wakipanda na kushuka. Pelekeni nakala ya getini siku moja kabla. Usiitume kwa WhatsApp ukadhani imefika, zamu hubadilika na simu huenda nyumbani na mwenyewe.

Halafu, makumbusho haya madogo kwa kawaida yana mtu mmoja mwenye ufunguo, na mtu huyo pia anafundisha. Mpigie Jumatatu, mpigie tena Jumanne jioni. Muulize waziwazi: Jumatano asubuhi una darasa? Ni wiki ya mitihani? Umeme ukikatika, mlango wa chumba hufunguka? (Usicheke, kufuli za umeme zimeshazuia wageni.) Muulize pia choo cha wageni kiko wapi. Wanafunzi 42 na choo kimoja ni dakika 20 zisizo kwenye ratiba ya Mlinzi_wa_Makabati, kwa hivyo wapitishe choo shuleni kabla ya kuondoka.

Fikeni saa tatu kasorobo. Masharti yatolewe kivulini, na kundi la kwanza liingie saa tatu na dakika tano.

Baada ya hapo, nendeni Nkrumah Road. Anzeni na kanisa kuu la Kianglikana la ukumbusho, lililojengwa 1903 hadi 1905. Watoto watakuuliza kwa nini kanisa lina kuba na matao kama msikiti, na hilo ndilo swali unalolitaka baada ya makumbusho. Ombeni ruhusa ofisini mapema, na epukeni saa ya ibada. Dakika 20 zatosha. Kutoka pale ni mwendo wa miguu hadi Fort Jesus, kwa barabara ileile. Ngome yenyewe ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Kwa somo lenu msizunguke yote. Nendeni kwenye misingi ya kanisa la Wareno uwanjani, halafu kwenye michoro ya ukutani waliyoiacha Wareno, basi. Dakika 40.

Malipo ya Fort Jesus ni ya serikali na hupitia eCitizen (tovuti ya malipo ya serikali), kwa hivyo usibebe bahasha ya pesa taslimu ukitegemea kulipa dirishani. Angalia kiwango cha wanafunzi wa shule siku hiyo, lipeni kwa mkupuo mmoja, na uwe na barua ya shule mkononi kuthibitisha kwamba ni wanafunzi. Intaneti ya simu ikigoma pale nje utasimama juani na watoto 42, bora ulipe asubuhi mapema.

Muwe mmetoka ngomeni saa sita na robo. Adhuhuri inaingia karibu na saa sita na nusu, na wanaosali watahitaji msikiti na maji ya udhu. Mji wa Kale uko hapohapo nyuma. Waliobaki wale chakula wakati huo, kivulini, na mwalimu mmoja kwa kila upande.

---

Mlinzi_wa_Makabati

Naongeza moja kwa Mama_Ziara, kuhusu mvua. Kama siku hiyo imeamka na mvua kubwa, kundi lisiingie na nguo zilizolowa wala miavuli. Kitambaa kilicholowa ndani ya chumba kile ni mvuke mtupu. Geuzeni zamu: anzeni na kituo cha kuchora barazani hadi wakauke, na kile cha majengo kikiwa hakiwezekani, makundi mawili yachore pamoja. Leteni karatasi 50 na penseli 50, na kichongeo kimoja kwa kila mwalimu, ambacho kitumike nje tu.

---

Ustadh_Bondeni

Na barua kwa wazazi itoke siku kumi kabla, Mwalimu, iwe na sehemu ya kukatwa ya kutia saini. Isiyorudi na saini ihesabiwe kuwa hapana. Mpigie mzazi huyo wewe mwenyewe, usimtume mtoto.